Kipenu cha turubai: kukifunga kikashika, kukitunza kikadumu

Katika nyumba nyingi za pwani ukuta unaosumbua kuliko zote ni wa magharibi. Kuanzia alasiri jua huupiga uso kwa uso, bloku za saruji zikalinywa joto lile, na usiku wa manane ukiweka kiganja bado unaona ukuta una vuguvugu. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu jua likishavuka kioo joto lishaingia chumbani. Linalofaa ni kulizuia jua likiwa bado nje. Kwa mwenye nyumba asiye na uwezo wa kuongeza paa, njia iliyo karibu ni kipenu cha turubai: fremu ya chuma inayotoka ukutani, ikavishwa kitambaa.

Maelezo haya ni ya nyumba ya kawaida ya bloku, iwe Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Mombasa. Nitashika mfano mmoja: baraza linalotazama magharibi, kipenu cha upana wa mita 3 kinachotoka ukutani mita 2, yaani mita za mraba kama 6. Dirisha dogo litahitaji chuma pungufu na halitahitaji nguzo, ila mambo ni yale yale.

Kabla ya yote, mwekee fundi wako sharti moja: kitambaa kiweze kuvuliwa na watu wawili, bila kukata wala kung'oa kitu. Chuma kikitunzwa hukaa miaka mingi. Kitambaa ni kitu cha kuchakaa. Kikishapigiliwa ripiti pembe zote, hutaweza kukifua, hutaweza kukishona, na upepo mkali ukitangazwa hutaweza kukiokoa. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unaegemea sharti hilo.

Lipime jua kabla ya kununua chuma

Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, hesabu ya jua ni nyepesi. Siku za Machi na Septemba jua hushuka takriban digrii 15 kwa kila saa. Kwa hiyo saa tatu kabla ya kuzama liko digrii 45 juu ya upeo wa macho, saa mbili kabla liko digrii 30, saa moja kabla limebaki na digrii 15. Miezi mingine hutofautiana kidogo tu.

Sasa itumie hesabu hiyo. Jua likiwa digrii 45, kila mita 1 ambayo kipenu kimetoka ukutani hushusha kivuli mita 1 chini ya ukingo wa mbele. Likiwa digrii 30, hushusha sentimita 58. Likiwa digrii 15, sentimita 27 tu. Tuseme ukingo wa mbele wa kipenu chetu uko mita 2.15 kutoka sakafuni. Saa tatu kabla ya magharibi karibu ukuta wote umo kivulini, isipokuwa sentimita 15 za chini. Saa mbili kabla, jua limepanda ukutani hadi mita 1, mahali ambapo madirisha mengi yanaanzia. Saa moja kabla limefika mita 1.6, na chumba kimeshaingiliwa.

Maana yake ni kwamba jua la mwisho halizuiliwi kwa kurefusha kipenu. Ukikirefusha hadi mita 3 au 4 utalipa chuma kingi, utaukaribisha upepo, na saa kumi na moja na nusu jua litapita chini yake vilevile. Dawa ni pazia la mbele, kipande cha kitambaa hicho hicho kinachoning'inia sentimita 60 kutoka ukingo wa mbele, chenye vitanzi vya kukikunjia juu asubuhi. Kwa sentimita 60 hizo, saa moja kabla ya magharibi kivuli kinashuka tena hadi mita 1 na dirisha linasalimika.

Ukuta wa kaskazini na wa kusini una mahitaji madogo. Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi Juni liko upande wa kaskazini kwa digrii 60 hivi, na kipenu cha sentimita 80 kinakinga dirisha la urefu wa mita 1.4. Desemba jua huhamia kusini likiwa juu zaidi, digrii 73 hivi, hata sentimita 50 zinatosha. Ukisikia fundi anataka kukutengenezea vipenu vya ukubwa mmoja nyumba nzima, muulize kwa nini.

Kama hesabu hazikupendezi, tumia macho. Alasiri, mwenzako ashike mti mrefu wa kudekia uwe mlalo, pale unapotaka ukingo wa mbele uwe. Wewe weka alama ya chaki ukutani kinapoangukia kivuli cha mti. Rudieni kila baada ya nusu saa. Alama hizo zitakwambia urefu na kimo kuliko picha yoyote ya simu.

Kuchagua kitambaa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana vitambaa vyote vikiwa vipya dukani vinavutia.

Turubai jepesi la plastiki, lile la bluu au la rangi mbili linalofunika matofali na magunia, si la kipenu. Jua la pwani hulifanya gumu, likaanza kupukutika vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo huishia kwenye mitaro. Litumie kwa shughuli ya siku mbili, basi.

Turubai la pamba ni kitambaa kizuri kwa namna yake. Linapumua, halihifadhi joto chini yake, na uzi wake ukilowa huvimba na kuziba matundu. Lakini ukungu unalipenda, hasa masika, na likikaa limekunjwa likiwa na unyevu litaoza. Kwa mtu wa Dodoma au Singida linaweza kufaa. Kwa mtu anayesikia mawimbi akiwa kitandani, silishauri.

Turubai la PVC, yaani poliesta iliyofunikwa plastiki pande zote mbili, ndilo linalopatikana kwa urahisi, kwa kuwa ndilo la magari ya mizigo na mahema ya sherehe. Uliza uzito wake kwa mita ya mraba. Lenye gramu 500 hadi 700 ni imara, halipitishi maji kabisa, na linaungwa kwa joto badala ya sindano. Ubaya wake ni joto: halipumui, kwa hiyo hewa moto hukwama chini yake usipoacha pande wazi. Likiwaka hutoa moshi wenye sumu, jambo nitakalolirudia.

Kisha kuna akriliki ya nje, ambayo rangi yake hutiwa kwenye uzi wenyewe kabla haujafumwa. Kitambaa cha aina hii huwa na gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, rangi yake hustahimili jua miaka mingi, kinapumua, na ukungu hauli uzi wake ingawa unaweza kuota juu ya vumbi lililokaa. Ni ghali, na mara nyingi utaagiza. Ningekuwa na fedha ya kitambaa kimoja cha kukaa nacho muda mrefu, ningechukua hiki.

Neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, inafaa pale usipotaka kuzuia mvua. Upepo unapita, joto linatoka juu, na fremu haisumbuki. Chagua inayokinga asilimia 80 au zaidi, ila usitarajie kukaa chini yake mvua ikinyesha.

Rangi: hafifu hupoza lakini hupitisha mwanga mwingi, na nyeupe huumiza macho ukiwa chini yake. Kijani, udongo au bluu ya wastani humtosheleza mtu anayetaka kusomea au kupumzikia hapo.

Usisahau uzi. Vipenu vingi huanza kufa kwenye mshono huku kitambaa chenyewe kikiwa kizima. Uzi wa pamba huoza, wa nailoni huchomwa na jua. Mwambie fundi turubai atumie uzi mnene wa poliesta uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, na ikiwezekana ununue mwenyewe umpelekee. Mwambie pia mishono iteremke kutoka ukutani kuja mbele, isikate mlalo, ili maji yasitulie juu ya sindano. Mshono wa mlalo usipoepukika, kipande cha juu kilalie cha chini kama bati la paa.

Fremu

Kwa kipenu chetu, nguzo na fremu ya nje iwe skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2. Mapau ya kati, yanayotoka ukutani kuja mbele, yanaweza kuwa ya milimita 25 kwa 25. Weka matatu, ili kitambaa kisiachwe na nafasi inayozidi sentimita 75. Nafasi pana hulegea, pakilegea maji hutuama, na maji yakituama kitambaa hulegea zaidi.

Mteremko ni sentimita 30 kwa kila mita 1. Kipenu cha mita 2 kitashuka sentimita 60: mita 2.75 ukutani, mita 2.15 mbele. Watu huupunguza mteremko kwa kuona baraza litaonekana la chini, na ndio wanaopata mabwawa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya masika ya milimita 50 juu ya kipenu chetu ni lita 300, yaani kilo 300. Zikiteremka zikaenda zake, hazina madhara. Zikituama hata robo yake katikati ya kitambaa, kitu kitapasuka au kitapinda.

Upepo wa chumvi hula chuma kwa ndani kabla ya nje. Kila ncha ya bomba iliyo juu ifungwe kwa kipande cha chuma kilichochomelewa pande zote. Kila bomba litobolewe kitundu kidogo upande wa chini kabisa, maji yanayoingia yapate pa kutokea. Ukitumia bomba la mabati, kumbuka kuchomelea huunguza zinki mahali pa kiungo, kwa hiyo kiungo hicho kisuguliwe na kupakwa rangi yenye zinki. Moshi wa zinki humletea fundi homa na kichefuchefu, kazi hiyo ifanyike nje penye hewa na zinki iondolewe kwanza kwa grenda. Bomba la chuma cheusi lisuguliwe msasa, lipakwe redi oksaidi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mara mbili, ndipo rangi ya mafuta.

Kabla ya kumlipa fundi, pitisha kiganja polepole kwenye kila ukingo ambao kitambaa kitagusa. Matone magumu ya kuchomelea yaliyobaki hapo yatatoboa turubai katika msimu mmoja. Yasuguliwe yote mbele yako.

Ukuta na nguzo

Watu hudhani uzito wa kipenu ndio wa kuogopa. Kitambaa cha akriliki cha mita za mraba 6 hakifiki hata kilo 2, na cha PVC ni kilo 4 hivi. Adui ni upepo unaonyanyua kutoka chini. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hubana kwa kama kilo 25 kwenye kila mita ya mraba, hivyo kipenu chetu hupata msukumo wa kilo 150. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Bolti na nguzo zako zipo kwa ajili ya kukishikilia kisiruke.

Mahali pazuri pa kufunga ni lenta, ule mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba juu ya milango na madirisha. Gonga kwa nyundo ndogo: zege hutoa sauti kavu, bloku dhaifu hutoa sauti ya uwazi. Mara nyingi lenta iko chini kidogo ya pale unapotaka kichwa cha kipenu kiwe. Usihamishe bolti kuifuata fremu. Simamisha mabomba ya wima ukutani, moja kila upande na moja katikati, yafungwe kwenye lenta na tena chini yake, kisha yapande juu kubeba fremu.

Tumia bolti za kupanuka za milimita 10 zenye urefu wa sentimita 10 au zaidi, na kumbuka plasta haihesabiwi, kwani haina nguvu. Toboa kwa drili ya kugonga, toa vumbi lote shimoni kwa kupuliza na kusugua, maana bolti iliyokaa juu ya vumbi huteleza. Tumia pimamaji kila hatua. Ukiwa karibu na bahari nunua bolti za chuma cha pua, zile mafundi wanazoziita stenlesi. Ni tofauti ndogo ya bei kwenye kazi nzima.

Kwenye bloku yenyewe bolti ya kupanuka ni hatari, kwa sababu inashika kwa kusukuma pembeni, na bloku ya saruji kidogo hupasuka. Pasipo na lenta, pitisha bolti ndefu ukuta mzima na uweke sahani ya chuma ya sentimita 10 kwa 10 upande wa ndani. Haipendezi sana sebuleni, lakini inashika.

Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Lamu ni habari nyingine. Chokaa haipendi kusukumwa, na miji hiyo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001. Usitoboe kabla ya kupata kibali cha mamlaka husika. Ukuta wa udongo nao usifungwe kitu: simamisha nguzo nne, kipenu kijitegemee. Na kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza, mkubaliane mapema fremu itakuwa ya nani ukihama.

Nguzo mbili za mbele zichimbiwe mashimo ya sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60, yajazwe zege la mfuko mmoja wa saruji kwa mchanga mara mbili na kokoto mara nne. Kila shimo litakuwa na zege la kilo 130 hivi, yote mawili kilo 260. Linganisha na ule msukumo wa kilo 150, ambao nusu yake hubebwa na ukuta, utaona nafasi ya usalama unayoipata. Kuifunga nguzo kwenye vigae vya baraza kwa bolti fupi ni kujidanganya, kwa kuwa sakafu nyingi za baraza ni zege jembamba. Pandisha zege sentimita chache juu ya ardhi na ulipatie mteremko, maji yasikusanyike kwenye mguu wa nguzo. Liache siku saba likimwagiwa maji kabla ya kuvisha kitambaa.

Kuvisha

Kitambaa kikatwe kidogo kuliko fremu, sentimita 5 kila upande, pindo liwe la mara mbili, na ndani ya pindo litiwe mkanda mgumu. Pete za shaba zipigwe kila sentimita 15 hadi 20, na kila pembe iongezewe kiraka. Kisha kitambaa kifumwe kwenye fremu kwa kamba ya poliesta ya milimita 5 au 6, ikizunguka bomba na kupita kwenye pete. Kamba ya nailoni ikilowa hurefuka, hivyo kipenu hulegea wakati ule ule wa mvua.

Funga pembe nne kwanza bila kukaza. Fuma upande wa ukutani, kisha wa mbele, pembeni mwisho. Zunguka mara ya pili ukikaza kidogo kidogo pande zote, mpaka ukigonga kwa vidole kinalia na hakuna mkunjo unaotoka pembeni kwenda katikati. Mkunjo wa mshazari ni dalili kwamba pembe moja imevutwa kuliko mwenzake. Baada ya wiki moja ya jua kitambaa kitakuwa kimelegea, kaza tena. Usiuruke ukazaji huu wa pili, kwa sababu kitambaa kinachopigapiga upepo hujikata chenyewe kwenye bomba.

Ule mwanya kati ya kitambaa na ukuta utapitisha mvua. Shona ulimi wa sentimita 15 upande wa ukutani, uubane kwa flati ba nyembamba na skrubu, kisha upitishe silikoni juu yake. Ukitaka kuvua kitambaa, unafungua skrubu. Pande za kushoto na kulia ziache wazi hewa moto itoke.

Maji yanayoshuka mbele yatachimba mfereji kwenye udongo. Mwaga kokoto mahali yanapoangukia, na hakikisha hayaelekei kwa jirani. Unaweza kuyakinga kwa ndoo kwa kudekia na kumwagilia. Kwenye tangi la kunywa yasiingie, kwa sababu yamepita juu ya dawa za kitambaa na kinyesi cha ndege.

Usafi

Kitambaa hakichafuki mara moja. Vumbi hukaa, unyevu huja juu yake, ukungu huota kwenye vumbi, ndipo doa jeusi linapoonekana. Kwa hiyo kazi kubwa ni nyepesi: kila wiki mbili pitisha ufagio laini kikiwa kikavu, na kila mwezi kimwagie maji masafi. Kwa walio karibu na bahari maji hayo ni ya lazima, yanaosha chumvi kwenye kitambaa, kwenye pete na kwenye bolti.

Kinyesi cha kunguru, ambao Dar es Salaam tunao wa kutosha, kisiachwe kikauke. Maji na brashi laini siku ile ile hukitoa bila alama. Utomvu na maua ya mwembe hung'ang'ania, ukiweza usiweke kipenu chini yake. Matawi yanayogusa kitambaa yakatwe, na paka akizoea kulala juu, makucha yake yatatoboa. Mfukuze mapema kabla hajapafanya kwake.

Mara mbili kwa mwaka kioshe kwa sabuni laini ya maji iliyokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. Sugua kwa brashi laini, suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki hunasa vumbi. Akriliki yenye ukungu inavumilia jiki: nusu lita kwenye lita 10 za maji pamoja na sabuni kidogo, uache robo saa, usugue, usuuze sana. Jaribu kwanza pembeni, na usiruhusu maji hayo yakauke juu ya kitambaa. Turubai la PVC usilipake jiki kali, petroli wala thina, kwani hukausha plastiki ikapasuka. Turubai la pamba lisafishwe kwa maji na brashi pekee, kwa kuwa sabuni huondoa nta inayozuia maji. Jiki kamwe isichanganywe na dawa ya choo wala amonia, mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Na moto. Jiko la mkaa lisiwekwe chini ya kipenu, hata siku moja, hata mvua ikinyesha. Cheche moja hutoboa, moshi hugandisha masizi yasiyotoka, na PVC ikishika moto karibu na dirisha, sumu yake inaingia moja kwa moja chumbani kwa watoto. Kwa pilau la wageni tafuteni sehemu nyingine ya ua.

Misimu na marekebisho

Februari, kabla ya masika, panda ngazi. Tikisa kila bolti, kaza zilizolegea, tazama mishono kwa kusimama chini na kuangalia juani: matundu ya sindano yaliyopanuka yataonekana kama nukta za mwanga. Yapake nta au dawa ya kuziba mishono. Sehemu iliyofumuka ishonwe upya mara ile, uzi ulioachia sentimita 5 leo utaachia nusu mita upepo mmoja ukija.

Tundu dogo lizibwe kwa kiraka cha kitambaa hicho hicho, pembe zake zikiwa za mviringo, kwani pembe kali huanza kubanduka. PVC hubandikwa kwa gundi yake au kwa joto, akriliki na pamba hushonwa. Ndiyo sababu siku ya kwanza umwombe fundi mabaki yote ya kitambaa.

Mwishoni mwa Mei, kusi ikianza kukaza, kagua kamba. Iliyochakaa inapopita kwenye bomba ibadilishwe yote, isiungwe fundo. Novemba shughulikia chuma: popote penye kutu piga msasa hadi chuma king'ae, redi oksaidi, kisha rangi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, vua kitambaa. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari zilitoka mapema, na watu wawili wenye ngazi wanahitaji muda mfupi tu kufungua kamba na skrubu. Fremu iliyo uchi haina cha kushikwa na upepo. Kitambaa ulichovua kianikwe kikauke hata mishononi, kisha kiviringishwe badala ya kukunjwa, hasa PVC, inayopasuka kwenye mikunjo. Kihifadhiwe juu ya sakafu, mbali na panya.

Utajua kitambaa kimefika mwisho ukiushika ukingo na kuuvuta kwa mikono miwili: kikichanika kwa sauti kavu bila kubisha, usikipeleke tena kwa mshonaji. Kipya kikatwe kwa kuipima fremu upya, pande nne na pembe kwa pembe zote mbili, kwa sababu cha zamani kimeshavutika na vipimo vyake vitakudanganya. Cha zamani kinakufaa kwa jambo moja tu, kumwonyesha fundi mahali ambapo mishono ilichakaa kwanza, ili hapo aweke kiraka cha ziada.